Kwa Kabula, Kuhusu Spika za Nyuma

Nyakato, Mwanza

Mwanangu Kabula,

Watu huanza barua kwa kuulizana hali, lakini yako naijua. Nusu saa iliyopita nimekuona ukitoka na mama yako kwenda Buswelu kumuaga shangazi, umevaa lile gauni la kijani, naye anakuhimiza utembee haraka. Mpaka mrudi jua litakuwa limeshuka, kwa hiyo ninao mchana mzima. Chumba cha gemu nimekifunga. Ndugu yako Petro kaenda stesheni kuulizia kama treni ya kesho itaondoka kwa saa yake.

Habari za sanduku, za kutokula vya kununua dirishani, za kushika mkoba wako ukisinzia, hizo mama yako ameshakuambia zaidi ya mara moja. Mimi sina la kuongeza.

Nakuandikia kwa sababu mbili. Ya kwanza unaijua: tukiongea, nusu ya unayosema inanipita. Ya pili ni kwamba lipo jambo ambalo tukikaa ana kwa ana nitalikwepa. Nitaanza kukuuliza kama umefunga chandarua, na tutaishia hapo. Kwenye karatasi sina pa kukimbilia.

Nilianza kazi kiwanda cha nguo nikiwa na umri kama wako wa sasa. Waliniweka idara ya kufuma. Wewe hukuwahi kuingia mle wakati mashine zote zinakwenda. Ile kelele husikii kwa masikio tu, unaisikia mpaka kwenye meno. Tulikuwa tukiongea kwa mikono na kwa kutazamana midomo. Baada ya mwaka mmoja niliweza kujua mtu aliye safu ya tatu anasema nini kuhusu msimamizi bila kusikia hata neno moja.

Katikati ya kelele ile mimi nilikuwa na kipaji changu. Mashine moja ikianza kuharibika, nilikuwa naisikia kabla uzi haujakatika. Nasimama, nafumba macho, nasema, "Ile pale, ya nne kutoka ukutani." Wanaifungua, wanakuta kweli. Wakanipa jina, wakaniita Sikio. Mpaka leo wapo wazee hapa Nyakato hawajui jina langu lingine.

Siku moja tulipewa vizibo vya masikio. Tulivicheka. Wengine waliwapelekea watoto wakachezea. Msimamizi mmoja mtu mzima akaniambia, "Basi wewe sokota pamba uzibe, pamba si tunayo?" Nikamjibu, "Nikiziba, mashine nitaisikiaje?" Watu wakacheka wakasema huyo ndiye Sikio. Nilifurahi sana siku ile.

Sijui lini hasa masikio yalianza kuondoka. Hayakuondoka yote pamoja. Vilitangulia vitu vyembamba: ndege wa asubuhi, birika likichemka, mbu. Halafu maneno yakaanza kunijia yamemeguka. Mtu anasema "shamba", mimi nasikia "amba". Halafu zikaanza kupotea sauti za wanawake na za watoto. Zilizobaki ni nene: injini, ngoma, wanaume.

Hapa ndipo nianzie kukuungamia. Petro sauti yake ilipovunjika nilianza kumsikia vizuri. Nikawa namwita yeye nikitaka kuongea na mtu. Naenda naye dukani, nakaa naye barazani. Wewe ukawa unakuja unasimama mlangoni, unasema jambo, naitikia "ehee", unaondoka. Ninyi mkaona kwamba baba anapenda mtoto wa kiume. Nilijua mnaona hivyo. Niliwaacha, kwa sababu kwangu ilikuwa nafuu kuitwa baba anayebagua watoto wake kuliko kuitwa kiziwi. Nimeandika sentensi hiyo nikasimama kidogo kabla ya kuendelea. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kiwanda kikaanza kusuasua, tukaambiwa kinatafutiwa mnunuzi, tukapunguzwa. Nikarudi kukaa nyumbani, na nyumbani hakuna kelele ya kumfichia mtu uziwi wake. Mama yako akiniuliza jambo nikiwa nimempa mgongo, anapata kimya. Akiuliza mara ya pili, nageuka na kumkaripia kwa nini anapiga kelele. Siku moja aliniambia, "Baba Petro, kumbe ulikuwa afadhali ukiwa kiwandani." Hilo nililisikia.

Yule mzungu wa kiwanda cha samaki aliyekuwa anarudi kwao, unamkumbuka. Baba yako mdogo Lameki alikuwa dereva wake, ndiye aliyetuletea vile vitu: kompyuta, mashine ya gemu na televisheni yake, na ile amplifaya nyeusi yenye spika nne, mbili za kuweka mbele na mbili za nyuma. Mafao yangu ya kiwandani yakaishia humo na kwenye kupaka rangi chumba cha mbele. Mji wote ulikuwa umeingiwa na biashara wakati ule, kila nyumba imetoboa ukuta wa barabarani ikaweka dirisha la duka. Sisi tukaandika mlangoni: GEMU NA KUCHAPA. Petro na gemu upande wa kushoto, wewe na kompyuta upande wa kulia. Ulikuwa umemaliza kidato cha nne, unasubiri matokeo.

Ugomvi ulianza juma la kwanza. Nyuma ya amplifaya palikuwa na matundu mengi, lakini yaliyokuwa mazima ni jozi moja tu, jekundu na jeupe. Gemu inataka spika, maana bila mlio wa magari na watazamaji wa mpira vijana hawaji. Na wewe una zile santuri za kompyuta za masomo ya Kiingereza, na wanafunzi wanaokuja kujifunza kwako lazima wasikie matamshi. Basi mkawa mnachomoa na kuchomeka, huyu anachomoa, yule anachomeka, mpaka lile tundu jekundu likaanza kulegea.

Nikasema nitawamalizia ugomvi. Mimi ni fundi. Nikakata waya wa gemu, nikakata waya wa kompyuta, nikazisokota pamoja, nikafunga utepe mweusi, nikachomeka. Vyote viwili vikalia kwa wakati mmoja. Nikawaambia, "Haya, kuna tatizo gani tena?"

Uliniambia, "Baba, sauti imepungua. Na kuna mlio."

"Mlio gani?"

"Mwembamba. Kama mbu, lakini hauishi."

Mimi sikusikia mlio wowote. Nilimtazama Petro, naye akasema, "Kweli baba, unatoboa." Nikawaambia mmezoea kudekezwa.

Baadaye akaja yule mwalimu aliyekuwa akituletea mitihani ya kuchapa. Alikaa dakika chache, akaziba sikio kwa kidole, akasema, "Mzee, punguzeni hiki kimlio, mimi kichwa kinaniuma." Nikaona hata yeye mmemlisha maneno. Nilimjibu kwamba kama chumba hakimfai, vyumba vya kuchapia viko vingi Nyamagana. Alikusanya karatasi zake taratibu, akakuaga wewe, akaondoka. Hakurudi. Na ndiye aliyekuwa akituletea walimu wenzake.

Wewe hukubishana. Ulikaa uani siku mbili na kopo la kakao, swichi uliyoing'oa kwenye redio mbovu, na chuma changu cha kuchomelea. Nilipokuja kuangalia ulinionyesha, na kwa kuwa ulikuwa umeinua uso, nilikuelewa. Ulisema, "Baba, hivi vitu viwili ukivifunga pamoja, kila kimoja kinainyonya sauti ya mwenzake. Na ule uchafu wa kompyuta unaingia hata kwenye gemu. Inabidi kimoja kikiongea, kingine kikatwe kabisa." Swichi ikilala huku, spika ni za gemu. Ikilala kule, ni za kompyuta. Ukahamisha na waya za sauti mbali na waya za umeme. Kitu kidogo hivyo. Na mimi, Sikio, nilikuwa nimesokota waya kama mtu anayefunga mzigo wa kuni.

Ikaja ile Jumamosi ya kujaribu. Uliniweka kwenye kiti katikati ya chumba ili niwe wa kwanza kusikia sauti ikinizunguka pande zote. Nilijua ni heshima umenipa. Petro alikuwa kwenye mashine ya gemu. Wewe ulikuwa nyuma yangu, kwenye zile spika mbili za ukutani. Gari la kwenye gemu likaanza kukimbia, nikasikia mngurumo mbele yangu, nikajua sasa natakiwa kusifu.

Nikasema kwa nguvu, "Safi sana! Hizi za nyuma ndizo zimenoga!"

Petro akaangua kicheko. Niligeuka. Ulikuwa umesimama na waya wa spika za nyuma mkononi, ncha zake bado zimechunwa, hazijafungwa popote. Ulikuwa umesema, "Subiri baba, bado." Hilo niliambiwa baadaye.

Petro alidhani nimetania. Nami nikacheka, ili iwe utani. Wewe hukucheka. Ulimtuma Petro dukani kununua utepe, nami nikakuona ukiusukumia ule uliokuwepo chini ya meza kwa mguu. Nikageukia televisheni. Ukafunga zile waya, nadhani, kwa sababu ulikaa kule nyuma kwa muda. Halafu ukaja mbele yangu, ukachuchumaa mpaka uso wako ukawa sawa na wangu.

"Baba, nimekuita mara nne."

Nikainama nikatazama viatu vyangu.

"Tangu lini?"

Nilikuwa na mengi ya kusema wakati ule. Ningeweza kukuambia habari za mashine, habari za pamba, habari za jina. Nilichosema ni, "Usimwambie mama yako."

Ukasema, "Sawa, baba."

Nimekwisha kukosea sana katika maisha yangu, lakini makosa mengi niliyafanya nikiwa sijui. Hili nililifanya nikijua. Nilimpa mtoto siri ya mtu mzima aibebe. Na uliibeba vizuri kuliko nilivyostahili. Ukawa unasimama mahali ninapouona uso wako. Mteja akiniongelesha, unarudia kwa sauti ya chini kama unayemsaidia yeye: "Anasema anataka nakala kumi, baba." Mama yako akiita kutoka uani, unanigusa bega. Watu wakaanza kusema mzee siku hizi amekuwa mpole. Nilianza hata kusahau kwamba nina tatizo, kwa sababu tatizo nilikuwa nimekutwika wewe.

Kisha barua ya chuo ikaja. Chuo cha ufundi, Dar es Salaam, umeme na elektroniki, kitu ulichokililia tangu ukiwa na lile kopo la kakao. Na wewe ukasema huendi.

Mama yako alidhani umechanganyikiwa. Alikuuliza kwa upole, halafu kwa ukali. "Kuna mvulana?" Ukasema hakuna. "Basi ni nini? Nafasi wanaililia watoto wa wakubwa, wewe unaitupa?" Ukasema unapenda kubaki na kuendesha chumba. Alinigeukia mimi, akasema, "Baba Petro, sema na mwanao." Wewe ukanitazama. Hukuwa unaniomba niseme. Ulikuwa unanitazama tu.

Nilisema, "Mwache aamue mwenyewe."

Nilikuwa nasikia kila kitu siku ile, Kabula, kwa sababu nilikuwa nawaangalia wote wawili usoni. Nilijua kwa nini huendi. Na kwa wiki mbili nzima nilinyamaza, maana kubaki kwako kulinifaa. Asubuhi naamka, nakuona unafagia chumba, moyo unatulia kwamba masikio yangu yapo. Nakuandikia haya bila kuyapamba, kwa sababu utakutana na watu wanaokupenda kweli kabisa na bado wakakuacha ujikate mguu ili wao watembee. Mimi ni mmoja wao. Usingoje waone haya. Ondoka kwanza.

Kilichonitoa si wema. Nilikukuta mchana mmoja umekaa mbele ya kompyuta, hakuna mteja, umevaa zile spika ndogo za masikioni, unafuata matamshi ya ile santuri ya Kiingereza. Nilisimama mlangoni. Ulikuwa umefumba macho, unarudia neno moja, unakosea, unarudia. Sura yako ilikuwa sura yangu nikiwa katikati ya mashine. Nikaenda uani moja kwa moja kabla sijapata nafasi ya kufikiri.

Mama yako alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Nikakaa mbele yake, nikamwambia, "Mama Petro, mimi sisikii." Akasema, "Husikii nini?" Nikamwambia, "Watu. Wewe. Miaka mingi sasa. Kabula anajua, ndiyo maana haendi."

Aliendelea kuchagua mchele. Alitoa chuya moja, akatoa nyingine. Halafu akauweka ungo chini, akaniangalia ili niuone mdomo wake, bila kufundishwa na mtu.

"Miaka yote hii," akasema, "nilidhani umenichoka."

Unajua yaliyofuata, ulivyokubali kwenda, daktari na vile vipimo, na jibu kwamba yaliyoondoka hayarudi. Hujui kwamba jioni ile mama yako alinikalisha akanisimulia mambo aliyowahi kuniambia nikamjibu kimya. Mengine ya miaka minane nyuma. Habari za msiba wa mama yake, alivyokuwa akijisikia, na jinsi alivyonieleza kitandani na mimi nikageukia ukuta. Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Hakukuwa na namna ya kurudi kuyajibu yale kwa wakati wake.

Huko unakokwenda kuna karakana. Wakikupa vizibo vya masikio, vaa, hata wakikucheka wote. Mwalimu akisema kitu usichokielewa wakati wenzako wanatikisa vichwa kuitikia, usitikise. Sema hujaelewa. Mimi nilitikisa kichwa karibu miaka kumi na tano, na unaona kilichonigharimu.

Sasa nifike kwenye lile nililolizungukia tangu mwanzo wa karatasi hii.

Ulikuwa darasa la tano. Walikuja wageni kutoka Magu, kaka yangu mkubwa na mzee mwenzake. Tulikuwa tumekaa sebuleni. Ukaingia umetoka shule, ukapita kwenda chumbani. Nikakuita urudi. Nikakuuliza mbele yao ni nani amekufundisha kupita wakubwa bila kuwaamkia. Ulifungua mdomo, sikusikia kitu, nikasema, "Tena unaninong'onea?" Nikakuamuru upige magoti uamkie upya, mmoja mmoja. Ulipiga magoti. Ulikuwa na vumbi la njiani miguuni na begi bado mgongoni.

Kaka yangu akasema, "Mbona mtoto ameamkia? Si tumemwitikia wote?"

Kaka yangu ana sauti nene. Nilimsikia vizuri kabisa. Wakati ule nilielewa kwamba umeamkia, kwamba wao wameitikia marahaba, na kwamba mtu pekee ndani ya chumba kile ambaye hakusikia ni mimi. Ningeweza kukuinua. Nikasema, "Aamkie tena, ajifunze."

Ukaamkia. Ulifika kwangu mwisho ukiwa unalia. Baada ya siku ile ukawa unaniamkia kwa kupaza sauti kila asubuhi, nami nikakukemea kwamba unanifokea. Baadaye ukaacha kupaza. Ukawa unakuja mpaka mbele yangu, unasimama karibu, unangoja nikutazame, ndipo unasema shikamoo. Nilidhani umepata adabu. Kumbe ulikuwa mtoto wa miaka kumi na moja aliyetafuta peke yake njia ya kumfikia baba yake, na akaipata, na hakuna aliyemshukuru.

Mwanangu, nilikukosea, na nilikukosea nikijua. Naomba unisamehe. Sikuombi kwa sababu unaondoka. Nimechelewa tu, na kesho ndiyo siku iliyobaki.

Barua hii nitakupa asubuhi ukimaliza chai, uisome kabla hatujatoka, si ndani ya treni. Stesheni kutakuwa na makelele ya watu na wachukuzi na injini, na mama yako na Petro watakuwa wanakung'ang'ania. Usiniagie dirishani. Kabla hujapanda, njoo usimame mbele yangu, useme ulicho nacho, hata kama ni kwamba moyo wako bado una uzito juu yangu. Nikikosa neno, sitaitikia "ehee". Nitakuomba urudie, na nitakuomba mbele za watu wote watakaokuwepo.

Baba yako